Kabla ya Kununua Boti ya Faiba Iliyotumika

Boti ya faiba iliyotumika huuzwa kwa macho. Muuzaji huisafisha, huipaka rangi mpya, huiandika jina kwa herufi za kupendeza, kisha huiegesha mchangani mahali ambapo jua la asubuhi huipiga ubavuni ikang'aa. Mnunuzi naye, ambaye mara nyingi amekuja na akiba ya miaka kadhaa au mkopo wa chama cha akiba na mikopo, huizunguka mara mbili, huigonga kwa kiganja, kisha huuliza bei ya mwisho. Lakini mambo mengi yatakayoamua kama fedha hizo zimenunua chombo au zimenunua mzigo hayaonekani katika mizunguko hiyo miwili. Yamo baina ya tabaka za faiba, yamo ndani ya ubao wa tezi, na yamo chini ya sakafu.

Maelezo haya yanahusu boti za wazi zenye urefu wa mita tano hadi tisa hivi, zinazotumiwa na wavuvi, wakulima wa mwani na wasafirishaji wa watalii katika mwambao wetu, visiwani na katika maziwa makuu. Ukaguzi unaoelezwa hauhitaji vifaa vya gharama. Chukua sarafu, bisibisi yenye mpini wa plastiki, tochi, uzi mrefu, kitambaa cheusi, msumari na ndoo. Unachohitaji zaidi ni nusu siku ya mchana, boti ikiwa nchi kavu, tupu na kavu. Muuzaji ambaye hawezi kukupa nusu siku, au anayesisitiza uione boti ikiwa majini tu, amekwisha kukueleza jambo kuhusu boti hiyo.

Jinsi faiba inavyozeeka

Boti hizi hutengenezwa ndani ya kalibu. Kwanza hupakwa ngozi laini ya rangi, ambayo mafundi huiita jelikoti. Unene wake hauzidi sana nusu milimita. Juu yake hulazwa mikeka ya nyuzi za kioo, tabaka baada ya tabaka, kila moja ikiloweshwa kwa gundi ya maji iitwayo resini, hadi ukuta upate unene unaotakiwa. Resini ikikauka, ukuta huwa kitu kimoja. Nguvu zote zinatokana na nyuzi kushikwa na resini na tabaka kushikana zenyewe kwa zenyewe. Nyuzi peke yake ni kitambaa. Resini peke yake huvunjika kama kigae.

Mtu aliyezoea vyombo vya mbao anapaswa kubadili mazoea yake hapa. Mbao huoza mbele ya macho: hubadilika rangi, huwa laini, hufunguka maungio, na fundi wa kalafati hujua pa kuanzia. Faiba haiozi. Huharibika kwa kuachana. Tabaka mbili zilizokuwa zimeshikana huanza kutengana kwa pigo la jiwe, kwa mzigo wa kila siku, au kwa maji yaliyojipenyeza, na uso wa nje unaweza kuendelea kung'aa kwa miaka huku ndani ukuta umegeuka kurasa za kitabu. Ubao wa kuteleza mawimbini, ambao vijana wa Diani na kwingineko huuziana ukiwa mkuukuu, hutengenezwa kwa namna iyo hiyo na huugua ugonjwa uo huo. Tofauti ni kwamba anayeteleza juu ya ubao mbovu huwa mtu mmoja karibu na ufuo, ilhali boti huwabeba watu sita usiku, maili nyingi kutoka pwani.

Kwa hiyo sikio ni chombo bora kuliko jicho. Shika sarafu baina ya vidole viwili, au geuza bisibisi utumie mpini, na ugonge ukuta wa boti kwa upole, ukienda hatua ya upana wa kiganja kila mara. Anza mahali palipo juu, karibu na ukingo, ambapo boti haipigwi sana, ili upate kujua sauti ya afya ya boti hiyo. Faiba nzima hutoa mlio mkali, mfupi, unaofanana na kugonga sahani ya kauri. Palipoachana tabaka mlio hufifia, huwa mzito na wa chini, mithili ya kugonga boksi la karatasi. Si kila mabadiliko ya sauti ni kasoro: penye taruma au kizuizi kwa ndani sauti hubadilika pia, na palipojazwa povu mlio huwa butu. Namna ya kutofautisha ni kutazama ndani ujue kilichopo, na kulinganisha upande wa kulia na wa kushoto. Boti hutengenezwa sawasawa pande zote mbili. Ikiwa ubavu wa kulia unalia kwa ukali na mahali pale pale pa kushoto panalia bubu, weka alama kwa chaki.

Kazi hii huchosha, na muuzaji ataanza kukuzungumzisha. Endelea. Sehemu za kugonga kwa makini zaidi ni omo chini ya mstari wa maji, mkuku wote kutoka omo hadi tezi, pembe za chini za tezi, na mahali boti ilipokalia magogo. Palipowekwa alama ya chaki, bonyeza kwa dole gumba kwa nguvu zote. Ikiwa ni chini, ingia ndani ukanyage kwa kisigino. Ukuta unaonepa na kurudi, hasa ukitoa sauti ndogo ya kukwaruzana, umeachana. Eneo la ukubwa wa kiganja linaweza kurekebishwa na fundi stadi bila gharama ya kutisha. Maeneo matatu au manne yaliyotawanyika ni habari nyingine: yanaonyesha kwamba boti nzima ilitengenezwa kwa resini haba au kwa haraka, na utakapoziba hapa itafunguka pale.

Nyufa, malengelenge na rangi mpya

Futa ubavu kwa kitambaa cheusi. Kikitoka na unga mweupe, jelikoti imechomwa na jua. Boti nyingi za kwetu ziko hivyo baada ya miaka michache, na jambo hili ni la sura tu. Lisikutishe, ingawa unaweza kulitaja unapoomba kupunguziwa.

Nyufa nyembamba kama unywele zinahitaji kusomwa. Paka wino au maji ya mkaa juu ya sehemu unayoishuku, kisha pangusa: ufa utabaki na mstari mweusi. Nyufa zinazotoka mahali pamoja na kusambaa kama miale ya nyota ni alama ya pigo. Boti iligonga mwamba, au nanga iliangushwa ndani. Tazama upande wa pili wa ukuta mahali pale pale. Ukiona doa jeupe kama maziwa ndani ya faiba, pigo lilipita jelikoti na kuvunja tabaka. Nyufa zinazokwenda sambamba, moja pembeni mwa nyingine, zikifuata mstari wa taruma au pembe ya sakafu, si za pigo moja. Ni za ukuta unaonepa kila wimbi linapopita, kwa sababu ni mwembamba kupita kiasi au kwa sababu taruma lililoushikilia limeachia. Nyufa za namna hii ni mbaya zaidi kuliko nyota, hata kama zinaonekana ndogo, kwa kuwa kilichozisababisha bado kipo na kitaendelea.

Malengelenge hutokea chini ya mstari wa maji kwenye boti zinazolala majini. Maji hupenya jelikoti polepole, huyeyusha chembe za resini zisizokomaa, na uchachu unaotokea huvuta maji zaidi hadi ngozi ivimbe. Lengelenge likipasuka hutoa maji yenye harufu kama ya siki. Usilitoboe uso wako ukiwa karibu, kwa maana maji hayo hutoka kwa kishindo na huwasha macho. Maji matamu yenye joto huleta malengelenge haraka kuliko maji ya chumvi, hivyo mnunuzi wa Mwanza au Kigoma ana sababu ya kutazama zaidi ya mnunuzi wa Tanga. Machache yaliyotawanyika yanatibika kwa kukwanguliwa, kukaushwa na kuzibwa. Yakijaa chini yote kama ngozi ya chura, gharama ya kuyatibu ipasavyo inaweza kukaribia bei ya boti yenyewe.

Rangi mpya si kosa. Boti hupakwa rangi kila mwaka na watu waaminifu. Lakini rangi mpya iliyopakwa chini tu, au kwenye tezi tu, au yenye mng'ao tofauti katika eneo moja, inauliza swali, na mnunuzi ana haki ya kupewa jibu. Subiri jua liwe chini, asubuhi au jioni, uweke jicho karibu na ukuta na kutazama kwa urefu wake kama seremala anavyotazama ubao. Viraka vilivyofichwa na rangi huonekana hapo kama vivimbe au mabonde. Nusa pia: resini iliyowekwa siku chache zilizopita huwa bado na harufu kali, na harufu hiyo ndani ya boti inayosemwa kuwa haijawahi kuguswa haiendani na maneno.

Kiraka chenyewe si sababu ya kukataa boti. Swali ni kilivyowekwa. Fundi anayejua kazi husaga kingo za tundu kwa mteremko mrefu, kwa kawaida mara kumi na mbili ya unene wa ukuta, ili nyuzi mpya zipate eneo la kushikana na za zamani. Ukuta wa milimita sita, kwa mfano, unahitaji mteremko wa sentimita saba hivi kila upande wa tundu. Kiraka kizuri basi ni kikubwa kuliko tundu kwa mbali, na mara nyingi huonekana pia kwa ndani. Kiraka kibaya ni tundu lililojazwa pati ya magari na kusuguliwa laini. Pati hiyo hunyonya maji, haina nyuzi, na hudondoka kama plasta siku boti inapopiga wimbi kwa nguvu. Mwombe muuzaji ruhusa ya kukwangua rangi kidogo juu ya kiraka kwa msasa: ukikuta unga laini wa rangi ya waridi au kijivu badala ya nyuzi za kioo, na eneo liko chini ya mstari wa maji, hesabu kwamba kazi hiyo itafanywa upya kwa fedha zako.

Usisahau mkuku. Boti zetu huvutwa mchangani na kuparaza matumbawe wakati wa kupwa, na mkuku huliwa. Pitisha mkono ukiwa umevaa glovu. Nyuzi zilizochomoza kama nywele zinaonyesha kwamba jelikoti imekwisha na tabaka zinaliwa moja baada ya nyingine. Kisha funga uzi kutoka chini ya omo hadi chini ya tezi, uukaze pembeni mwa mkuku, na utazame mita moja na nusu ya nyuma. Sehemu hiyo inapaswa kuwa imenyooka. Boti iliyokalia magogo mawili kwa mwaka mzima bila kusogezwa huweza kubonyea hapo, na boti iliyobonyea huinamisha omo kwa nguvu, hula petroli, na hakuna mashine utakayoifunga itakayoiponya.

Tezi

Ikiwa una muda wa kukagua kitu kimoja tu, kagua tezi. Ubao wa tezi ndio unaobeba mashine, na katika boti nyingi si faiba tupu. Ni plaiwudi au mbao iliyofungwa ndani ya faiba pande zote. Mradi mbao ni kavu, tezi ina nguvu. Maji yakiingia hayana pa kutokea. Hupitia matundu ya bolti za mashine ambayo hayakuzibwa, hupitia tundu la kizibo cha kutolea maji, hupitia ukingo wa juu uliopasuka. Maji ya mvua huozesha mbao haraka kuliko maji ya bahari, kwa kuwa chumvi huwazuia kuvu; kwa hiyo boti iliyoachwa wazi masika mawili bila kutumika, ambayo muuzaji anaisifu kwamba “haijafanya kazi sana”, inaweza kuwa na tezi mbovu kuliko ya mwenzake aendaye baharini kila siku.

Mashine ikiwa imefungwa mahali pake, simama nyuma, shika sehemu yake ya chini, uivute juu na kuisukuma chini kwa uzito wako, huku mwenzako akitazama ukingo wa juu wa tezi. Tezi nzima haitikisiki peke yake. Boti yote hutikisika pamoja nayo. Tezi ikinepa, au nyufa zikifunguka na kufunga kwenye pembe inapokutana na mbavu, mbao za ndani zimekwisha. Tazama chini ya kila bolti: michirizi ya maji ya rangi ya chai ni maji ya mbao iliyooza. Omba bolti moja ya chini ifunguliwe na uingize msumari tunduni. Ukitoka na unga mweusi wenye unyevu, umepata jibu. Muuzaji akikataa kufungua bolti moja, jibu pia umelipata, ingawa kwa heshima zaidi.

Kubadilisha mbao za tezi ni kukata faiba ya upande mmoja, kuchimba mbao yote, kukausha, kuweka mpya na kuifunga upya. Ni kazi ya siku kadhaa kwa fundi anayeiweza, na mafundi hao si wengi. Kuna wanaopunguza gharama kwa kufunga bamba la chuma au alumini juu ya tezi mbovu. Bamba hutawanya uzito kwa muda, lakini haligeuzi mbao iliyooza kuwa mbao. Mashine ya nguvu ya farasi 40 ina uzito wa kilo 75 hivi ikiwa imetulia, na ikisukuma huongeza nguvu isiyopumzika. Tezi ikiachia baharini, mashine huenda chini, na mahali ilipokuwa hubaki pengo ambalo maji huingilia.

Je, itaelea ikijaa maji?

Swali hili halitajwi sana wakati wa kununua, na ni la uhai. Mbao nyingi ni nyepesi kuliko maji; mashua ya mbao ikijaa huzama hadi ukingoni, lakini mara nyingi hubaki juu na watu huishikilia hadi msaada ufike. Faiba ni nzito kuliko maji, takriban mara moja na nusu. Boti ya faiba isiyo na kitu cha kuielesha, ikijaa maji, huenda chini moja kwa moja pamoja na mashine.

Hesabu yake si ngumu. Boti yenye uzito wa kilo 400 ikiwa yote majini hupoteza theluthi mbili ya uzito huo, kwa sababu ya maji inayoyasukuma. Hubaki kilo 133 hivi zinazovuta chini. Ongeza mashine, ambayo hata majini huvuta kilo 50 hivi, ongeza nanga na mnyororo wake, na utaona kwamba inahitajika hewa au povu la ujazo wa lita 200 kwa uchache, yaani ujazo wa pipa moja la mafuta, ili boti ibaki juu tu. Uliza basi: lita hizo ziko wapi? Kwa kawaida hukaa chini ya sakafu, omoni, na ndani ya viti vya pembeni. Muuzaji akuonyeshe.

Kuwapo kwa vyumba hivyo hakutoshi. Fungua kizibo cha kila chumba, kama kipo, na utazame kwa tochi. Chumba kilichojaa maji hakielei. Povu gumu la manjano hunyonya maji likikaa humo kwa miaka, na boti huwa nzito bila sababu inayoonekana. Ukisikia kwamba boti iliyokuwa ikivutwa na watu wanane sasa inahitaji kumi na wawili, kuna maji yaliyofichika. Povu jeupe la vipande, la aina inayofungashia televisheni, huyeyuka likiguswa na petroli, na katika ngama ya boti petroli haikosekani. Baadhi ya wamiliki hujaza vyumba kwa madumu matupu yaliyofungwa vizuri. Hayapendezi machoni, lakini madumu mazima yenye vifuniko vya kukaza hufanya kazi hiyo kwa uaminifu kuliko povu lililolowa, na hukaguliwa kwa urahisi.

Jaribio la maji

Baada ya haya yote, mimina ndoo kumi au kumi na tano za maji ndani ya boti ikiwa imekaa mchangani au juu ya magogo, uinamishe kwanza nyuma kisha mbele. Usizidishe: maji ya kina cha sentimita kumi katika boti pana huweza kufika tani nzima na kuivunja juu ya magogo. Futa nje pakauke, subiri saa moja, kisha pita chini na tochi. Tundu litadondosha. Mahali ambapo tabaka zimeachana patatoa jasho dogo mbali na tundu lenyewe, kwa sababu maji husafiri baina ya tabaka kabla ya kupata njia. Ndiyo maana kuziba mahali panapodondosha peke yake mara nyingi hakusaidii. Ukimaliza, toa maji kupitia tundu la kizibo na utazame rangi yake. Kisha, na baada ya hapo tu, iingize majini uijaribu kwa mashine na watu kadri utakavyoitumia.

Mashine ni somo linalohitaji maelezo yake. Itoshe hapa kusema: isikie ikiwashwa ikiwa baridi, kwa maana mashine iliyopashwa moto kabla hujafika huficha ugumu wa kuwaka, hakikisha inatoa mchirizi wa maji ya kupoozea bila kukatika, fungua kidogo oili ya gia, na ikiwa nyeupe kama maziwa ujue maji yameingia. Namba iliyopigwa kwenye mashine isomeke, na ifanane na ile iliyo kwenye risiti. Namba iliyosagwa ni sababu ya kuondoka.

Karatasi na mwenye mali

Chombo cha uvuvi kinatakiwa kuwa kimesajiliwa na kuwa na leseni kwa mujibu wa Sheria ya Uvuvi, Namba 22 ya mwaka 2003, na namba yake huandikwa ubavuni. Linganisha namba hiyo na cheti. Nenda kwa ofisa uvuvi wa halmashauri na kwa viongozi wa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi cha mwalo husika. Wao hujua boti ni ya nani kuliko karatasi inavyoweza kusema. Kwa usalama wa chombo chenyewe, Tanzania Bara ukaguzi ni kazi ya Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), na Zanzibar ni Mamlaka ya Usafiri Baharini. Omba kuona cheti cha ukaguzi cha mwisho na usome masharti yake, hasa idadi ya watu.

Jihadhari zaidi na boti iliyotolewa kwa kikundi kwa mkopo. Mwanakikundi mmoja hana mamlaka ya kuiuza, hata kama ndiye aliyekuwa nahodha wake tangu siku ya kwanza, na aliyemkopesha anaweza kuja kuichukua kutoka kwako. Uliza kwa maandishi kama chombo kina deni.

Kuhusu haki zako, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inachukulia kwamba muuzaji ana haki ya kuuza anachokiuza. Akikuuzia mali ya mwingine, una dai dhidi yake. Lakini kuhusu ubora, sheria hiyo humlinda zaidi anayenunua kwa mfanyabiashara wa bidhaa za aina hiyo kuliko anayenunua kwa jirani. Tena, mnunuzi akiwa amekagua bidhaa, hawezi baadaye kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuifichua. Maana yake ni kwamba ukaguzi wa juu juu unaweza kukudhuru mara mbili: hauoni kasoro, na tena unakunyima dai. Kasoro usizoweza kuziona ziulizwe kwa maneno na majibu yaandikwe. Mkataba useme, kwa mfano, kwamba muuzaji anathibitisha tezi haijawahi kufanyiwa matengenezo, au ilifanyiwa mwaka fulani na fundi fulani. Kwamba vyumba vya kuelesha vina povu au hewa. Kwamba boti haijawahi kuzama. Sentensi hizo tatu zina thamani kuliko ukurasa mzima wa maneno ya jumla. Utie saini mbele ya mashahidi wa pande zote mbili na mtendaji wa kijiji au mtaa, namba ya boti na namba ya mashine zikiandikwa kila moja peke yake. Malipo yapite benki au kwenye simu ili yaache kumbukumbu.

Fundi utakayemwita akupe makadirio ya matengenezo awe wa kwako, asiwe yule aliyekuletea habari ya boti wala aliyewahi kuitengeneza. Makadirio yake yawe kwa maandishi, na uyapeleke kwa muuzaji kabla ya kutaja bei. Mpango wa kawaida, ambao wauzaji wengi huukubali, ni kulipa sehemu ya fedha, kuhamisha usajili kwa ofisa uvuvi, na kumaliza salio siku cheti kinapotoka kwa jina lako. Boti ibaki pale ilipo hadi siku hiyo, na mashine ikae chini ya ulinzi wa mtu ambaye nyote wawili mnamwamini.